Nina OptiPlex 7010 na milioni 1.2: niifufue hii au niunde mashine mpya ya gemu?

#1 Kijana wa Tabata
Wakuu habari za jioni.

Nina Dell OptiPlex 7010, ile kubwa ya kusimama, nilinunua mtumba. Prosesa i5-3470, RAM 8GB, hard disk 500GB. Kadi ya grafiki haina, natumia ile ya ndani ya prosesa. Kioo ni cha ofisini cha inchi 19. GTA V nimeshusha kila kitu hadi chini na bado inakwama kwama nikikimbiza gari mjini. eFootball inakwenda, ila kona ikipigwa mchezo unaganda sekunde kadhaa.

Nimekusanya milioni moja na laki mbili. Fundi mmoja ananiambia niweke kadi, RAM na i7 nibaki na kasha hilihili. Mwingine anasema kumwagia hela mashine ya 2012 ni kuitupa, nianze upya hata kwa awamu. Wote wawili wana vitu vya kuniuzia, ndiyo maana nimekuja humu. Nataka kucheza Red Dead Redemption 2, GTA V ikiwa imenyooka, na Cyberpunk ikiwezekana. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

#2 Mchokozi
Nimevuta kiti mbele kabisa. Shemeji anajua kuhusu hiyo milioni moja na laki mbili?

#3 Kijana wa Tabata
Hakuna shemeji mkuu. Angekuwepo isingefika hata laki mbili.

#4 Fundi Waya
Mkuu una bahati na hujui. 7010 ya kusimama si sawa na ile ya kulala. Yako ina pawa saplai ya wati 275 yenye plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo siku yoyote unachomoa unaweka pawa yoyote ya ATX, ile saizi ya kawaida ya dukani. Ingekuwa OptiPlex 9020 ungekuta Dell wameweka plagi yao ya pini 8 na ungezunguka Kariakoo nzima kutafuta adapta. Na sloti yako ya kadi ni PCIe 3.0 x16, haina shida.

Sasa ugonjwa wenyewe. i5-3470 inatumia HD 2500. Ile grafiki iliwekwa ili Excel ionekane, basi. Tafuta kadi ya GTX 1650 isiyo na plagi ya waya juu, inakula wati 75 na zote inazichukua kwenye sloti. Piga hesabu: prosesa 77, kadi 75, takataka nyingine tuseme 40. Hujafika hata 200. Ongeza SSD ya SATA ya 480GB (diski ya kasi isiyozunguka), na RAM ifike 16. Kwa bei ninazoziona mitaa ya Aggrey na Msimbazi haivuki laki saba. Inayobaki kula kuku.

#5 Kiboko Mlaini
Fundi Waya nakuheshimu ila hapa unauza. Kori nne na nyuzi nne mwaka 2026? Cyberpunk tangu 2023 kiwango chao cha chini ni i7-6700 au Ryzen 5 1600, kadi GTX 1060 ya 6GB, RAM 12, na SSD si hiari. Huyo kijana hana hata kimoja. Halafu kizazi cha tatu cha Intel hakina AVX2 (amri za hesabu za prosesa), ilikuja na cha nne mwaka 2013. Kuna magemu mapya bila AVX2 hayafunguki kabisa, unabofya, kimya.

Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Hiyo 7010 ina TPM 1.2. Kuweka kadi mpya hapo ni kufunga injini ya Scania kwenye Bajaji.

#6 Fundi Waya
Scania labda RTX 4070. GTX 1650 ni ya 2019, hata yenyewe mzee. Halafu umeruka kwa makusudi gemu aliyoitaja ya kwanza. RDR 2 kiwango cha chini ni i5-2500K, GTX 770 na RAM 8. Yake ni kizazi kimoja mbele ya hiyo. Usimtishe mtoto wa watu kwa Cyberpunk aliyosema "ikiwezekana".

#7 Jirani 254
Niaje wakuu. Mimi niko Nairobi. Mbona mnabishana juu ya njia mbili na ya tatu iko wazi? Uza hiyo 7010, ongeza pesa kidogo, chukua mashine ya ofisi ya kizazi cha nane: OptiPlex 7060 ama EliteDesk 800 G4, zile za kusimama. Hapo unapata i5-8500 yenye kori sita, RAM ya DDR4, nafasi ya SSD ya NVMe (ya kasi zaidi), na Windows 11 inakubali bila ujanja. Huku Luthuli na Moi Avenue zimejaa, ex-UK. Ofisi za Ulaya zinazitoa kwa wingi. Kisha weka ile 1650 ya Fundi Waya. Mtu asiunde kitu kipya kwa bajeti hiyo.

#8 Mchokozi
Tulianza na njia mbili, sasa ziko tatu. Ukurasa wa pili atashauriwa kununua kiwanja Chanika.

#9 BintiUsanifu
Naongea kwa uzoefu, niko Dodoma, nachora majengo. Yangu ni 9020 ya kulala, ile ndogo. Niliweka GTX 1650 ya umbo fupi pamoja na SSD, na Revit inafunguka vizuri, jioni nacheza The Sims 4 bila tatizo. Kwa hiyo sikubali kwamba mashine za ofisi ni takataka.

Lakini kuna jambo ambalo hamjamwambia kijana. Kabla ya kununua chochote jiulize kipi kitahama na wewe. SSD inahama. Kadi inahama. Pawa nzuri inahama, kioo kinahama. RAM ya DDR3 haihami, i7-3770 haihami, na kasha la Dell hata waya za swichi ya mbele ni za kwao, madabodi nyingine huziunganishi kirahisi. Mimi ningetia hela kwenye vya kuhama tu. Hiyo i7 anayouziwa na fundi wake itafia humo humo.

#10 Kijana wa Tabata
@BintiUsanifu hili hakuna aliyeniambia. Asante dada.

#11 Bwana Volti
Wote mnaruka umeme. Niko Mwanza. Kuanzia saa moja jioni hapa mtaani nimepima volti 185, wakati mwingine 180. Ni muda uleule watu wanakaa kucheza. Kukwama kwama kwa mashine nyingi za huku ni pawa inayopumua kwa shida. Kijana cheza saa nne asubuhi halafu cheza saa mbili usiku, ulinganishe.

#12 Fundi Waya
Bwana Volti, zile pawa za Dell zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Kwa 180 haitetereki. Pawa ikishindwa mashine inazima au inajiwasha upya, haikwamishi kona ya eFootball.

#13 Bwana Volti
Hiyo ni pawa mpya kwenye kitabu. Pawa ya mwaka 2012 yenye kapasita zilizovimba ni habari nyingine. Umeifungua ukaiona ndani?

#14 Pwani Tulivu
Salaam kutoka Unguja. Ndugu zangu, huku kwetu chumvi inakula kila kitu. Nishaona mashine kadhaa zinaganda hivyohivyo, kumbe meno ya RAM yamefanya kutu. Chomoa RAM, chukua raba ya kufutia penseli, sugua yale meno ya dhahabu taratibu mpaka yang'ae, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Na ile dawa ya juu ya prosesa kwa mashine ya miaka hiyo imeshakauka, ikifunguliwa unakuta unga. Toa vumbi, paka mpya, ndo uanze kuzungumzia milioni. Skwambii usinunue, nakwambia usafishe kwanza.

#15 Msafiri wa Deira
Nipo Dubai. Wanaosema "aunde mpya" wamechungulia bei ya RAM mwezi huu? Tangu mwishoni mwa 2025 imepanda vibaya. Viwanda vya chipu vinapeleka kumbukumbu kwenye vituo vya data vya akili bandia, sisi wacheza gemu tunaokota makombo. Mwezi Desemba Micron walitangaza kufunga Crucial. Nilipita Al Ain Centre pale Bur Dubai, DDR5 ya 32GB muuzaji ananitajia bei huku anatazama pembeni. Kuunda mashine ya AM5 (soketi mpya ya prosesa za AMD) sasa hivi, ambayo haikubali chochote zaidi ya DDR5, ni kumsaidia mtu mwingine kulipa kodi ya duka.

#16 Kiboko Mlaini
Sahihisho dogo. Micron hawajafunga kutengeneza RAM. Wanaondoa jina la Crucial kwenye soko la sisi wanunuzi wa kawaida, na walisema mzigo utaendelea kutoka hadi mwisho wa Februari 2026. Chipu wanaendelea kutengeneza kama kawaida, ila wateja wao si sisi.

Na nani kasema AM5? Mimi nasema AM4, soketi ya kabla yake. Ryzen 5 5600 ya 2022, kori sita nyuzi kumi na mbili, wati 65, DDR4. Nayo DDR4 imepanda, sibishi, lakini mtumba ipo. Anaanza na madabodi, prosesa, RAM 16 na SSD, halafu hiyo kadi...

#17 Mchokozi
...halafu hiyo kadi atainunua akishastaafu. Ryzen 5 5600 haina grafiki ya ndani kaka. Akishamaliza milioni yake atakuwa anatazama kioo cheusi chenye kasi ya ajabu.

#18 Kiboko Mlaini
Achukue 5600G basi, ile ina grafiki ndani. Atacheza eFootball na GTA V huku anadunduliza.

#19 Jirani 254
5600G inagawana RAM na grafiki, na RAM ndiyo hiyo imepanda. Mnazunguka mbuyu.

#20 Kijana wa Tabata
Wakuu nimerudi. Jumamosi nimefanya mliyosema, kila mtu nimemsikiliza.

Nimefungua ubavu. Vumbi kwenye feni limeshikamana kama blanketi. Dawa ya prosesa ni kweli imekuwa unga, Pwani Tulivu umenena. Kabla ya kusafisha joto lilikuwa linagonga 94 nikicheza, sasa halipiti 71. GTA V imepata nafuu kidogo, haijapona.

CPU-Z inaonyesha RAM ni kijiti kimoja cha 8GB, imeandikwa Single. Task Manager wakati gari linakimbia mjini, diski iko asilimia 100 muda wote. Prosesa nayo iko asilimia 90 na kitu. Nimecheza asubuhi na usiku: usiku kweli ni mbaya zaidi, ila usiku ndugu yangu anakuwa anashusha muvi kwenye mashine hiyohiyo, kwa hiyo sina uhakika ni volti au ni yeye.

#21 Mchokozi
Kila mtu kapata ushahidi wake. Haki imetendeka.

#22 Fundi Waya
Diski asilimia 100 ndiyo jibu. GTA V inasoma mtaa mpya kutoka kwenye diski kadiri unavyokimbia. Hard disk ya mtumba yenye saa za ofisi za miaka kumi haimudu, gari linafika kabla ya mtaa. Ndiyo maana ukitembea kwa miguu haikwami. SSD kwanza.

#23 Kiboko Mlaini
Prosesa asilimia 90 umeiruka kama hujaiona. Hapo bado hana kadi. Akiweka kadi, fremu zikiongezeka, prosesa ndiyo itakayolia.

#24 BintiUsanifu
Na mimi nasema kijiti kimoja. Grafiki ya ndani inakula RAM ya kawaida, na kijiti kimoja maana yake njia moja. Kuongeza cha pili cha 8GB kinachofanana ni hela ndogo kuliko zote zilizotajwa humu. Haihami, najua nilisema, lakini DDR3 mtumba bei yake haikuumizi.

#25 Mzee wa Banda
Vijana mnajitesa. Nina banda la gemu Mbagala. Nunua PS4 mtumba na pedi mbili, unaweka CD, unacheza. Hakuna AVX wala TPM wala kusugua meno. RDR 2 ipo, Cyberpunk ipo, na chenji inabaki. GTA VI wameitangaza kwa PS5 na Xbox Series, kompyuta hawajaitaja. Jumlisha mwenyewe.

#26 Jirani 254
Mzee, Cyberpunk ya PS4 ndiyo ile Sony waliiondoa dukani kwao Desemba 2020 wakarudisha pesa za watu. Ilirudi katikati ya 2021, na toleo la 2.0 la 2023 halikuletwa PS4 kabisa. Usimuuzie huyo PS4 kwa jina la Cyberpunk.

#27 Mzee wa Banda
Kwangu banda zima ni mpira tu. Cyberpunk sijui hata ina timu gani.

#28 Mchokozi
Inacheza ligi daraja la kwanza, Mzee. Wapo chini ya Pamba Jiji.

#29 Bwana Volti
Nitarudi kwenye umeme mpaka mnichoke. Mashine ya gemu yenye kadi kubwa ikila wati 300 kwa saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti 36. Kama nyumba iko kundi la D1 (bei nafuu ya matumizi madogo), ukizidi kuvuka uniti 75 kwa mwezi unaweza kuhamishiwa T1 (bei ya kawaida), na uniti moja inatoka kwenye mia na ishirini na kitu inakwenda 356 pamoja na kodi. Hapo haulipi zile 36 peke yake kwa bei mpya, nyumba nzima inalipa. Mwenye nyumba atakuja kugonga mlango. OptiPlex na GTX 1650 haifiki hata wati 200 ikiwa imechemka. Hii hesabu hamuifanyi kwa sababu mnaishi kwa wazazi.

#30 Kijana wa Tabata
Nimecheka. LUKU tunachangia wapangaji wanne, na tayari wananitazama vibaya kwa sababu ya pasi.

#31 Dereva wa Lini
Nimesoma uzi wote kwenye daladala. Swali: kwa nini asichukue RX 580 ya 8GB badala ya 1650? Zimejaa, bei rahisi, na zina nguvu zaidi.

#32 Fundi Waya
Hapa nisimame kidogo maana kuna hatari.

RX 580 inakula wati 185 na inataka plagi ya pini 8. Pawa ya 7010 haina plagi hiyo. Mteja aliniletea mashine ya aina hiyohiyo, mtu alimfungia 580 kwa adapta inayotoka kwenye waya wa SATA kwenda pini 8. Waya wa SATA umetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 54. Plastiki ya plagi ilikuwa imegeuka kahawia, imeshikana na adapta hadi nikaikata kwa koleo. Chumba kizima kilinuka, anasema alidhani ni jirani anachoma takataka.

Kwa hiyo 580 inataka pawa mpya. Na hapo ndipo mnapopigwa. Kwenye boksi imeandikwa 500W. Usisome boksi, soma kibandiko cha ubavuni, tafuta mstari wa +12V. Niliyoishika juzi imeandikwa ampea 16. Zidisha na 12: wati 192. Hiyo "500W" ni dhaifu kuliko ile 275 ya Dell unayotaka kuitupa. Na ipime mkononi, nyepesi kama maboksi matupu kimbia. Zaidi ya hapo nyingi ya hizo 580 zilichimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, na nyingine ni zile za 2048SP ambazo zimepunguzwa nguvu ila kibandiko kinasema 580 tu.

#33 Kiboko Mlaini
Hapa nipo na Fundi Waya asilimia mia. Muandike tarehe.

#34 Msafiri wa Deira
Naongezea mitego mingine nikiwa huku maana wateja wangu wananiagiza kila siku. RX 6400 inavutia, wati 53, haitaki waya, lakini ina njia nne tu za data za PCIe. Kwenye mashine ya PCIe 4.0 haisikiki, kwenye 3.0 inapungua. Intel Arc usiguse kwa mashine ya zamani, inataka Resizable BAR (prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) na madabodi ya 2012 haina. GTX 750 Ti na 1050 Ti ni nzuri kwa umeme, ila NVIDIA walitoa draiva ya mwisho ya magemu kwa familia zile Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. GTX 1650 bado inahudumiwa.

Kama una nguvu kidogo: RTX 3050 ya 6GB, ilitoka mwanzoni mwa 2024, wati 70, haina waya. Hiyo inaingia kwenye 7010 leo na kesho inahamia popote. Kago ya kadi haifiki kilo, kasha nunua Dar, usilipie hewa.

#35 Dereva wa Lini
Lakini 7010 si ni PCIe 2.0? Niliona mahali.

#36 Fundi Waya
Uliona ya i3. i3 za kizazi cha tatu ndizo zinaishia 2.0. i5 yake inatoa 3.0.

#37 Kiboko Mlaini
Sawa, turudi. Hakuna aliyenijibu kuhusu Windows. Atabaki na Windows 10 isiyo na ulinzi?

#38 BintiUsanifu
Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026, unajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Inakununulia muda.

#39 Jirani 254
Na unaweza kulazimisha Windows 11 kwa programu ya Rufus, inaruka ukaguzi wa TPM. Kizazi cha tatu kinakubali hata toleo la 24H2. Shida ni magemu ya mtandaoni: Valorant kwenye Windows 11 bila TPM 2.0 inakupa kosa la VAN9001 na kukufukuza. Battlefield 6 inataka Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha). Kama ni magemu ya kucheza peke yako, huna wasiwasi.

#40 Pwani Tulivu
Mie natumia Linux, Bazzite. RDR 2 inakwenda. Valorant haiendi na wala siitaki.

#41 Mchokozi
Kuna mtu wa Linux kila uzi. Tulikuwa tunakusubiri.

#42 Kijana wa Tabata
Wakuu nimeelewa mengi kuliko nilivyokuja. Mpaka sasa naegemea hivi: SSD na kijiti cha pili cha RAM wiki hii. Nione GTA V inasemaje. Halafu kadi isiyo na waya, 1650 au hiyo 3050. Inayobaki naiweka, bei ya RAM ikishuka nianze kuunda AM4 na kadi ihamie huko.

#43 Kiboko Mlaini
"Bei ya RAM ikishuka." Utakuwa na wajukuu. Kwa njia hiyo utakuwa umetumia laki saba kwenye mashine ambayo Cyberpunk itakimbia FPS 30 (fremu kwa sekunde) ukiwa na bahati. Jirani 254 na kizazi chake cha nane angalau anakupa kori sita. Sikubaliani naye lakini nakubaliana naye kuliko wewe.

#44 Jirani 254
Nimepokea hiyo sifa nusu. Ila nikwambie kasoro ya njia yangu kabla mtu hajaitaja: hizo Dell za kizazi cha nane zimerudia plagi za pawa za kwao. Ukitaka kadi kubwa baadaye utahangaika na adapta, wakati 7010 ya kijana ni pini 24 safi.

#45 Fundi Waya
Asante. Ndicho nilichosema bandiko la 4.

#46 BintiUsanifu
Kijana, kioo chako kinaonyesha ukubwa gani? Inchi 19 za ofisini nyingi ni 1440 kwa 900. Kama ni hiyo, kadi ina kazi ndogo kuliko wote humu wanavyohesabu, maana wanahesabu 1920 kwa 1080.

#47 Kijana wa Tabata
Ni 1440x900 kweli. Na ina VGA na DVI tu.

#48 Msafiri wa Deira
Basi angalia matundu ya kadi kabla hujalipa. 1650 nyingi zina DVI au HDMI, VGA hamna hata moja. 3050 nyingi ni HDMI na DisplayPort tu. HDMI kwenda DVI ni waya wa bei ndogo, lakini ukisahau utakaa na kadi mpya na kioo cheusi mpaka Jumatatu maduka yafunguliwe.

#49 Kiboko Mlaini
Au anunue kioo kipya.

#50 Mchokozi
Kiwanja cha Chanika hicho kinakuja.

#51 Kijana wa Tabata
Kuna jamaa Sinza anauza GTX 1650 mtumba, laki tatu na nusu, anasema haijafunguliwa. Kwenye picha naona kama ina plagi ya pini 6 juu. Ni kawaida?

#52 Fundi Waya
Zipo zenye pini 6, kampuni nyingine ziliiongezea nguvu. Hiyo si yako, pawa yako haina. Muulize pia ni ya GDDR5 au GDDR6, ya GDDR6 ilikuja 2020 na ina kasi zaidi kidogo. Na mwambie aiwashe mbele yako akiwa na gemu, si kwenye desktop. Akikataa ondoka.

#53 Bwana Volti
Nenda jioni. Saa mbili usiku. Ikiwaka hapo itawaka popote.